Zimwi Lisilo na Nguvu: Kaida za Kitisho katika Filamu ya Mwanafunzi

Kila hadithi ya kutisha husimama juu ya mapatano. Msikilizaji wa ngano akaaye miguuni pa bibi yake hujua, kabla usiku haujawa mwingi, kuwa zimwi litakuja, kuwa litameza watu na mifugo, na kuwa mwishowe tumbo lake litapasuliwa na waliomezwa watatoka wakiwa hai. Kujua huko hakumwondolei hofu. Ndiko kumwezeshako kuivumilia hofu, na hata kuifurahia, maana ana hakika kuwa mwisho wa hadithi utamrudisha mahali palipo salama. Filamu za kutisha zimerithi mapatano ya namna hii na kuyaongeza. Ndani yake limo zimwi, au kiumbe kingine kilichotoka nje ya mpaka wa ubinadamu. Imo nyumba iliyoingiliwa. Umo muziki umwonyao mtazamaji kabla ya shari kutokea. Yamo maelezo, aghalabu kinywani mwa daktari au mtaalamu, yasemayo jinsi shari ilivyoanza. Na mwisho yamo mauaji ya zimwi yarudishayo amani. Hizi ndizo kaida za utanzu huo.

Mwanafunzi wa sanaa anapozikabili kaida hizi kwa mara ya kwanza hushawishika kufuata mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni kuziiga zote kama zilivyo, kazi yake ikawa nakala ya nakala. Njia ya pili ni kuzitupa zote, akidhani kuwa kuvunja ndiko kuumba, kazi yake ikawa fumbo lisilomtisha wala kumgusa mtu. Ipo njia ya tatu, iliyo nyembamba kuliko hizo mbili: kuishika kila kaida kwa uaminifu, lakini kuigeuza uso hata ikamwelekea yule yule aliyezoea kulindwa nayo. Njia hiyo ya tatu ndiyo iliyofuatwa na Eraserhead, filamu ya David Lynch, iliyoanza kama kazi ya mwanafunzi mwaka 1972 na kuonyeshwa hadharani mwaka 1977. Filamu hiyo haikuondoa zimwi, wala nyumba, wala mauaji ya mwisho. Ililinyima zimwi nguvu zake tu. Na kwa tendo hilo moja mauaji ya mwisho, ambayo katika utanzu huu ni ushindi, yakawa swali.

Yafaa kwanza kueleza filamu hii ilivyopatikana, maana umaskini wake ni sehemu ya umbo lake. Lynch alizaliwa Missoula, katika jimbo la Montana nchini Marekani, mwaka 1946, akajifunza uchoraji katika Pennsylvania Academy of the Fine Arts mjini Philadelphia. Kutoka katika uchoraji akaingia katika filamu: mwaka 1968 alitengeneza The Alphabet, filamu ya dakika chache, na mwaka 1970 The Grandmother, ambamo mvulana anayeteswa na wazazi wake anapanda mbegu na kujioteshea bibi wa kumpenda. Kazi hizo zilimfungulia mlango wa chuo cha filamu cha American Film Institute, kilichokuwa wakati ule katika jumba la Greystone huko Beverly Hills, California. Mswada wa Eraserhead ulikuwa na kurasa zipatazo 21 tu, na chuo kilimpa dola 10,000 za kuufanyia kazi. Upigaji picha ulianza Mei 1972 kwa matumaini ya kumalizika katika wiki chache. Mabanda ya farasi ya jumba lile yaligeuzwa kuwa vyumba vya kuigizia, na kazi nyingi ikafanywa usiku.

Wiki chache hizo zikawa takriban miaka mitano. Fedha zilipokwisha, Lynch alikuwa akigawa magazeti nyumba kwa nyumba ili apate riziki, na mwigizaji mkuu, Jack Nance, akaendelea kuzitunza nywele zake zilizosimama wima ili zisitofautiane siku kamera itakapowashwa tena. Lynch mwenyewe alisimulia kuwa katika picha moja mhusika anashika kitasa cha mlango, na picha ifuatayo, ya kuingia kwake chumbani, ilipigwa baada ya mwaka mmoja na nusu. Mtazamaji haoni pengo lile, lakini huenda analihisi: kila kitu katika filamu hii huenda polepole, kama vile mtu anahitaji mwaka na nusu ili kuvuka kizingiti cha chumba chake. Filamu ilionyeshwa kwanza Machi 1977 katika tamasha la Filmex mjini Los Angeles. Lynch akaipunguza baada ya hapo, ikabaki na dakika 89, nayo ikapata watazamaji wake hasa katika maonyesho ya saa sita ya usiku. Mwaka 2004 kazi hii iliyoanzia katika mabanda ya farasi iliingizwa katika orodha ya filamu ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani huzihifadhi kwa ajili ya taifa.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimuliwa. Henry Spencer, mfanyakazi wa uchapaji aliye katika likizo, anakaa katika chumba kimoja cha kupanga katika mji wa viwanda usiotajwa jina. Anaalikwa chakula cha jioni nyumbani kwa wazazi wa Mary, msichana aliyekuwa mpenzi wake, na huko anaambiwa na mama yake Mary kuwa amezaliwa mtoto kabla ya wakati wake, na kuwa wao wawili hawana budi kuoana. Mary anahamia chumbani kwa Henry pamoja na mtoto. Mtoto huyo hafanani na watoto: kichwa chake ni kama cha mnyama mchanga asiye na manyoya, shingo yake ni nyembamba, mikono na miguu haionekani, na kiwiliwili chote kimefungwa vitambaa. Analia usiku kucha. Mary anashindwa kuvumilia na kurudi kwao. Henry anabaki na mtoto anayeugua. Akitaka kutoka, mtoto analia. Akibaki, hana analojua kulifanya. Ndani ya chuma cha kupashia chumba joto anamwona mwanamke mwenye mashavu yaliyovimba akicheza na kuimba juu ya jukwaa dogo. Analala usiku mmoja na mwanamke jirani, na baadaye anamwona jirani huyo na mwanamume mwingine. Mwishowe anashika mkasi, anavikata vitambaa vya mtoto, anakuta kuwa vitambaa vile ndivyo vilivyokuwa vikizizuia sehemu za mwili zisitawanyike, na anamchoma. Taa zinazimika na kuwaka, sayari inapasuka, na Henry anakumbatiwa na yule mwanamke wa ndani ya chuma katika mwanga mweupe.

Kiswahili humweka mhakiki wa filamu hii mahali pagumu, na ugumu huo una faida. Katika Kiswahili sentensi haiwezi kwenda mbele kabla ngeli haijachaguliwa. Asemaye kuwa mtoto analia amekwisha kutoa hukumu. Asemaye kuwa kitu kinalia ametoa hukumu nyingine. Na wahenga waliosema Zimwi likujualo halikuli likakwisha walichukua njia ya katikati, wakakipa kiumbe kinachokula watu ngeli isiyo ya watu, ingawa walikiri kuwa kinaweza kumjua mtu. Muhtasari uliotangulia umesema kuwa Henry anamchoma, haukusema kuwa anakichoma. Chaguo hilo limepita mpaka wa sarufi. Ndilo chaguo ambalo filamu nzima inamlazimisha mtazamaji alifanye, na inamlazimisha mapema: bado wakiwa nyumbani kwa wakwe, Mary anamkatiza mama yake kwa kusema kuwa hospitalini hawajawa na hakika kama kilichozaliwa ni mtoto. Tangu hapo mtazamaji anatazama akiwa na ngeli mbili mkononi, na kila tukio linamtaka atumie moja.

Kwa upande mmoja filamu inampa kila sababu ya kuchagua ngeli ya zimwi. Umbo la kiumbe linachukiza, sauti yake inachosha, macho yake hayafumbi. Lynch alikataa katika maisha yake yote kueleza kiumbe kile kilitengenezwa namna gani, hata alipofariki Januari 2025, na siri hiyo imeongeza uzito wake. Kwa upande wa pili, nguvu zote ambazo zimwi hupewa na utanzu huu zimeondolewa. Kiumbe hiki hakitembei. Hakimkimbizi mtu, hakiumi, hakiui. Kimelazwa juu ya meza, na uwezo wake wote ni ule wa kila mtoto mchanga, yaani kulia ili atazamwe. Methali isemayo Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana imetumika tangu zamani kuwaonya wazazi vijana. Hapa imekuwa kiini cha kitisho chenyewe. Kinachotisha ni wajibu usio na mwisho, uliomkuta mtu asiye na nguvu za kuubeba.

Lipo tukio moja lionyeshalo ustadi huu wazi kuliko mengine. Henry anampima mtoto joto. Anakitazama kipimajoto, kisha anageuza macho, na kwa ghafula mtoto anaonekana amejaa vipele mwili mzima huku akihema kwa shida. Hii ni kaida ya kale ya kumshtua mtazamaji: jicho liliondoka kidogo, na liliporudi shari ilikuwa imekwisha kufika. Mwanafunzi mwigaji angeishia hapo, na mwanafunzi mvunjaji asingalikubali kuitumia. Lynch anaitumia kikamilifu, kisha anaijibu kwa namna isiyotazamiwa. Penye ukelele pamewekwa maneno machache ya upole, ya baba aliyetambua kuwa mwanawe ni mgonjwa. Baada ya hapo Henry anakaa karibu na kitanda pamoja na chombo cha kutoa mvuke, akilinda usiku. Mtazamaji aliyeruka kitini kwa hofu anaona haya ya kuruka kwake. Kitisho kimemwonyesha jambo ambalo hakutaka kulijua: kuwa alimwogopa mgonjwa.

Haifai kusema kuwa Lynch ndiye wa kwanza kumwombea zimwi huruma. Filamu ya Frankenstein iliyoongozwa na James Whale mwaka 1931 ilikuwa imekwisha kumwonyesha muumbaji akikikimbia kiumbe alichokiumba mwenyewe, na watazamaji wengi walikihurumia kiumbe kile. Lakini mwisho wa filamu ile hurudi katika mapatano. Watu wa kijiji wanakichoma moto kinu ambamo kiumbe kimekimbilia. Kisha, katika picha ya mwisho, baba mzee wa muumbaji anainua bilauri na kunywa kwa heri ya mtoto wa kiume atakayezaliwa katika ukoo wake. Zimwi limeteketea, nasaba imesalimika. Muumbaji katika filamu ile pia huitwa Henry. Ikiwa jina lilikusudiwa au halikukusudiwa si neno kubwa. Lililo kubwa ni kuwa katika Eraserhead yule anayeteketezwa na yule anayenywewa heri ni mmoja. Hakuna kijiji cha kubeba mienge wala kinu cha kuchomwa. Yupo baba, meza na mkasi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi kwa miaka. Mwaka 1968 Roman Polanski alionyesha Rosemary's Baby, filamu juu ya mwanamke anayeshuku kuwa mimba yake imeandaliwa na wafuasi wa shetani. Huko mtoto wa ajabu hufichwa hata mwisho. Mtazamaji haoni ila uso wa mama anapomtazama, na baadaye mkono wake ukianza kukitikisa kitanda cha mtoto. Kitisho cha filamu ile kimo katika kutoonyesha, na mwisho wake ni mama anayekubali. Lynch amegeuza vyote viwili. Mtoto anaonyeshwa mapema, karibu, katika mwanga, mara nyingi, hata jicho linaanza kumzoea. Na mwisho wake ni baba anayekataa. Pengine kuonyesha namna hii ni ujasiri mkubwa kuliko kuficha, maana kinachofichwa hutishwa na mawazo ya mtazamaji mwenyewe, na kinachoonyeshwa dakika baada ya dakika hakina budi kutisha kwa sababu nyingine. Sababu hiyo ni kuwa kinazoeleka. Zimwi likujualo, wahenga walisema, halikuli likakwisha. Filamu hii inaongeza upande wa pili wa methali, kwa kuuliza mtu afanyeje na zimwi ambalo yeye amekwisha kulijua.

Kaida ya nyumba nayo imeshikwa na kugeuzwa. Katika utanzu huu nyumba ni mahali pa amani panapoingiliwa na kitu kutoka nje. Chumba cha Henry hakina nje. Dirisha lake linatazama ukuta wa matofali. Sauti ya mitambo, ya mvuke na ya upepo, iliyotengenezwa na Alan Splet pamoja na Lynch, haikomi tangu mwanzo hata mwisho. Mahali pengine unasikika kwa mbali muziki wa kinanda cha Fats Waller, kama kumbukumbu ya furaha ya watu wengine. Muziki wa kawaida wa kitisho hunyamaza ili uweze kuanza tena na kuonya. Mngurumo usiokoma hauwezi kumwonya mtu, maana hauna mwanzo. Kwa hila hiyo ya gharama ndogo filamu inamwondolea mtazamaji kinga yake ya kwanza, ile ya kujua wakati wa kuogopa. Picha za rangi nyeusi na nyeupe, zilizopigwa kwanza na Herbert Cardwell na kisha na Frederick Elmes, zinafanya kazi iyo hiyo kwa jicho. Kiza kimeenea kila pembe, na kwa hiyo hakuna pembe moja ya kuitazama kwa hadhari.

Mahali pa pili penye kitisho ni nyumbani kwa wakwe, na hapa filamu inathubutu kuchekesha. Ziara ya kwanza ya kijana nyumbani kwa wazazi wa msichana ni jambo zito katika kila nchi. Kijana hupimwa anavyokaa, anavyojibu, anavyokula. Henry anaketishwa mezani na kupewa heshima ya kukata kuku, nao ni kuku wadogo mno, wa kutengenezwa, kama anavyoeleza baba mkwe, ambaye ni fundi wa mabomba. Kisu kinapogusa, miguu ya kuku inachezacheza na majimaji meusi yanatoka. Bibi mzee amekaa jikoni bila kutikisika, na saladi inachanganywa kwa mikono yake iliyoshikwa na binti yake. Kisha mama mkwe anamvuta Henry pembeni, anamhoji mambo ya faragha, na katikati ya mahojiano anambusu shingoni. Mtazamaji hajui kama acheke au aogope, na kutojua huko kumekusudiwa. Adabu zote za ugeni zimetimizwa, na ndani ya adabu hizo hakuna utu. Kitisho kilichokuwa kikikaa makaburini na magofuni kimehamishiwa kwenye meza ya chakula, palipo na kitambaa safi.

Kaida iliyobaki ni ile ya maelezo, na katika filamu za kitisho cha nafsi ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Das Cabinet des Dr. Caligari ya Robert Wiene, iliyoonyeshwa Ujerumani mwaka 1920, humaliza kisa chake kwa kumfunulia mtazamaji kuwa msimulizi ni mgonjwa wa akili katika hospitali. Kuta zilizopinda na vivuli vilivyochorwa vinapata sababu. Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, humleta daktari karibu na mwisho ili aeleze ugonjwa wa muuaji. Maelezo ya namna hii humpa mtazamaji faraja kubwa, maana humwambia kuwa wazimu uliotendeka ni wa mtu mwingine. Eraserhead inaonekana mwanzoni kama itatoa maelezo hayo. Picha zake za kwanza zinaonyesha mtu mwenye ngozi iliyoharibika, amekaa ndani ya sayari karibu na dirisha, akivuta vishikio vya mtambo. Na ni kama kwamba yeye ndiye anayeyaendesha mambo ya Henry. Lakini mtu huyo hasemi neno. Sababu imewekwa mbele ya macho, nayo haielezi kitu. Hata ndoto ya Henry, ambamo kichwa chake kinaanguka, cha mtoto kinachomoza mahali pake, na kile kilichoanguka kinapelekwa kiwandani na kutengenezwa vifutio vya penseli, haitoi ufunguo ila jina la filamu. Ndoto hiyo inasema tu jinsi hofu ya mzazi ilivyo: kuwa mwana atachukua mahali pake, na yeye atatumika mpaka aishe, kama kifutio, kwa kufuta makosa.

Wako waliotafuta maelezo katika maisha ya Lynch, aliyekuwa baba mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka 22, mjini Philadelphia, mji aliosema mara nyingi kuwa ulimtia hofu na kumpa filamu hii. Habari hizo ni za kweli, na zina manufaa kwa mwandishi wa tawasifu. Kwa mhakiki ni daktari wa Psycho aliyerudi kwa mlango wa nyuma. Zinamwambia mtazamaji kuwa hofu ile ilikuwa ya Lynch, na kumruhusu arudi nyumbani akiwa hana lake.

Hata hivyo filamu hii haiponi mashtaka, na mhakiki mwaminifu hana ruhusa ya kuyafunika. Shtaka la kwanza ni kuwa inautumia mwili wa mtoto mgonjwa kama kitu cha kuchukiza. Mzazi mwenye mtoto aliyezaliwa na ulemavu ana haki ya kuuliza kwa nini uchungu wake ufanywe tamasha la usiku wa manane. Shtaka la pili ni kuwa wanawake wa filamu hii hawana nafsi. Mary ni kilio, mama yake ni tamaa, jirani ni kishawishi, na yule wa ndani ya chuma ni faraja. Hakuna hata mmoja ambaye chumba kinatazamwa kwa macho yake, ingawa Mary, aliyezaa na kukesha, alikuwa na mengi ya kusema. Shtaka hili la pili halina jibu kamili. Utanzu ulikuwa na kaida ya kumfanya mwanamke kuwa mhanga au mtego, na hapa mwanafunzi aliirithi kaida bila kuigeuza. Kazi inayopindua kaida tano na kuiacha ya sita imesimama haina budi kupimwa pia kwa ile ya sita.

Shtaka la kwanza ni zito zaidi, na jibu lake limo katika mwisho wa filamu, ambao ndio mahali pa hukumu. Wengi wameusoma mwisho ule kama ukombozi. Mtoto amekufa, sayari imepasuka, yule mwendesha mtambo ameshindwa na vishikio vyake, na Henry amefumba macho katika kumbatio jeupe. Ukisomwa hivyo, filamu imemsaliti mtoto wake. Imekubali kuwa zimwi lilikuwa zimwi, na kuwa mkasi ulikuwa upanga wa shujaa. Lakini yafaa kutazama kile kilichoonekana kabla ya mwanga. Kitambaa kilipokatwa, hapakutokea kiumbe kilichojificha. Palitokea viungo vya ndani, laini, vikitetemeka, visivyo na ngozi wala mifupa ya kuvilinda. Katika hadithi za kutisha vazi linapovuliwa hufunua unyama. Hapa limefunua udhaifu. Mtazamaji aliyetumia ngeli ya kitu kwa muda wa saa nzima anaonyeshwa, akiwa amechelewa, kuwa alikuwa akimtazama mtu ambaye hakuwa na kinga yoyote duniani ila vitambaa.

Hapo ndipo mwanga mweupe unapopata maana yake. Kila filamu ya kutisha humpa mtazamaji amani baada ya mauaji, naye huipokea bila kuuliza ni amani ya nani. Lynch hakuiondoa amani hiyo; ameitoa nyeupe kupita kiasi, kimya, ikiwa mikononi mwa mwanamke asiyeishi popote ila ndani ya chuma na ndani ya kichwa cha Henry. Ni amani ya muuaji anayeota kuwa amesamehewa. Mtazamaji aliyetamani mtoto anyamaze amepata alichokitamani, na anaachwa nacho gizani, bila daktari wala kijiji wala baba mzee wa kuinua bilauri. Methali ya malezi isemayo Mchelea mwana kulia hulia yeye haikutungwa kwa ajili ya kisa kama hiki, walakini inakifaa, maana kilio kilichozimwa kwa mkasi kimehamia mahali pengine, na mahali hapo ni kwa yule anayetazama.

Kwa mwanafunzi wa sanaa, wa filamu au wa uandishi, funzo la kazi hii halimo katika vioja vyake, ambavyo vimeigwa mara nyingi na watu waliochukua mngurumo na giza wakaacha mtoto mezani. Limo katika utaratibu. Lynch alikuwa na fedha kidogo, vyumba vichache na kurasa 21. Kwa hiyo hakuweza kuongeza kaida, akalazimika kuziuliza zile chache alizokuwa nazo zinamlinda nani. Aliuliza juu ya zimwi, akapata mgonjwa. Aliuliza juu ya nyumba, akapata chumba kisicho na nje. Aliuliza juu ya amani ya mwisho, akapata ndoto ya mkosaji. Aliacha kuuliza juu ya wanawake, na hapo kazi yake ni nyonge. Kaida ni kama ngazi ya mnazi: aikataye haendi juu, na aipandaye bila kuitazama hajui ni kipande kipi kimeoza. Filamu hii ya mwanafunzi ilipanda juu sana kwa vipande vilivyo vizima, na ajaye baadaye anakijua kile kilichobaki kutengenezwa.